Brooke, Ridge na wafu wanaorudi: historia ya mchezo usiokwisha



Huko Los Angeles, Marekani, kuna mwanamke anayeitwa Brooke Logan. Ameolewa na Ridge Forrester, wakaachana, wakaoana tena, wakaachana tena, na hesabu ya ndoa zao imewachosha hata wale wanaowafuata kila siku. Kabla ya Ridge, Brooke aliolewa na mzee Eric, ambaye ndiye aliyemlea Ridge kama mwanawe, na akamzalia mzee huyo watoto wawili. Baadaye aliolewa pia na Thorne, mdogo wake Ridge. Kisha akazaa na mume wa binti yake mwenyewe. Kwetu, ukoo mzima ungeitwa kwenye baraza siku hiyo hiyo, na mbuzi wa faini wasingetosha. Lakini Brooke yupo, amevaa vizuri, na kesho atarudi kwenye televizyo saa ile ile.

Brooke si mtu wa kweli. Ni mtu wa mchezo unaoitwa The Bold and the Beautiful. Wanaoufuata kwa Kifaransa wanaujua kwa jina la Amour, gloire et beauté. Ulianza tarehe 23 mwezi wa tatu mwaka 1987 kwenye televizyo ya CBS ya Marekani, na mpaka leo haujaisha. Umepita sehemu 9000, na umeonyeshwa katika nchi zaidi ya 100. Walioishi Nairobi katika miaka ya 1990 wanakumbuka kwamba KBC iliuonyesha, na kwamba saa yake ikifika mazungumzo ya nyumbani yalisimama. Hapa kwetu leo watu wanafuata zaidi ma-novela ya Mexico na michezo ya Wahindi iliyotafsiriwa kwa Kifaransa. Ukiangalia vizuri, yote ni ya ukoo mmoja na huu wa Forrester.

Swali ninaloulizwa mara nyingi na vijana ni hili: mama zetu wanapata nini humo? Ni uongo mtupu. Nani amewahi kufa mara mbili? Nani ana nyumba kama ile? Na mama wenyewe, ukiwauliza, wanacheka na kukubali: ni uongo, ndiyo, lakini usikae mbele ya kioo, tunaangalia. Swali hilo linastahili jibu la heshima, na jibu linaanza mbali kidogo, tena linaanza kwenye redio.

Ilianza na sauti na sabuni

Mwaka 1930 Marekani ilikuwa katika shida kubwa ya uchumi. Mabenki yalikuwa yanaanguka, viwanda vinafungwa, wanaume wanarudi nyumbani bila kazi. Mwaka huo, katika mji wa Chicago, redio ya WGN ilimpa nafasi mwanamke mmoja aliyewahi kuwa mwalimu, Irna Phillips, aandike mchezo wa kila siku kwa ajili ya wanawake walioshinda nyumbani. Aliuita Painted Dreams. Ulimhusu mama mjane na watoto wake, na Phillips mwenyewe alikuwa mmoja wa walioigiza kwa sauti. Hapakuwa na vita ndani yake, wala wafalme. Watu walikaa, wakaongea, wakahangaikia mapenzi, watoto na kesho yao.

Wafanyabiashara waliona mara moja kwamba mama anayepika au kufua huku redio inaongea ndiye anayenunua sabuni. Kampuni za sabuni, na hasa Procter & Gamble, zikaanza kulipia michezo hiyo ili matangazo yao yapite katikati. Ndiyo maana mpaka leo Wamarekani wanaita michezo ya namna hii kwa jina la sabuni. Watu wa dini na magazeti waliicheka tangu mwanzo, wakisema ni machozi ya bure. Lakini wanawake hawakuzima redio.

Mwaka 1937 Phillips alianzisha mchezo mwingine wa redio, The Guiding Light. Mwaka 1952 mchezo huo ulihamia kwenye televizyo, na uliendelea mpaka mwezi wa tisa mwaka 2009. Hesabu mwenyewe: miaka 72. Kuna watu waliozaliwa, wakaoa, wakazaa na wakazikwa, na mchezo ule bado unaendelea.

Phillips alifundisha wengine kazi. Mmoja wao aliitwa William J. Bell, kijana wa Chicago aliyeandika chini yake katika miaka ya 1950. Bell na mke wake, Lee Phillip Bell, ambaye alikuwa mtangazaji wa televizyo, walianzisha The Young and the Restless mwaka 1973, ule ambao kwa Kifaransa unaitwa Les Feux de l'amour. Miaka 14 baadaye wakaanzisha The Bold and the Beautiful. Kwa hiyo Brooke na Ridge wanatoka moja kwa moja kwenye sauti ya yule mama mjane wa redio ya mwaka 1930. Sisi watu wa redio tusiwadharau. Ni wajukuu zetu.

Kwa nini uongo ni lazima

Sasa tuangalie uongo wenyewe, maana una sababu zake.

Filamu inaisha baada ya saa mbili. Mwandishi wake anajua mwisho kabla ya kuanza. Mchezo wa kila siku hauna mwisho. Sehemu mpya inatoka siku tano kwa juma, karibu mwaka mzima, mwaka baada ya mwaka. Brooke akiolewa na kukaa kwa amani, hakuna cha kuonyesha kesho yake. Kwa hiyo kila furaha inabeba ndani yake shida ya juma linalofuata. Siku ya harusi, mtu ataingia kanisani na barua. Ijumaa lazima kitu kivunjike, ili Jumatatu watu warudi.

Pesa nazo zina sauti yake. Sehemu nyingi lazima zirekodiwe haraka, ndani ya studio, katika vyumba vichache vinavyojulikana: sebule ya Forrester, ofisi ya kampuni yao ya mavazi, na kadhalika. Ndiyo maana watu hawa hawasafiri sana, wanaongea sana, na kila siri inasemwa kwa sauti karibu na mlango ulio wazi ili mwingine aisikie.

Halafu kuna waigizaji. Ni watu wenye maisha yao. Wanachoka, wanaugua, wanaondoka. Ronn Moss aliigiza Ridge kwa miaka 25, akaondoka mwaka 2012. Mwaka uliofuata Ridge alirudi akiwa na sura ya mtu mwingine, Thorsten Kaye, na hakuna hata mmoja katika ukoo aliyeshangaa. Watoto pia. Steffy, binti wa Ridge na Taylor, alizaliwa kwenye mchezo mwaka 1999. Ilipofika 2008 alikuwa tayari msichana mkubwa anayegombania wanaume. Mtoto mchanga hana maneno, kwa hiyo mwandishi anampeleka chumbani kulala, na anaamka akiwa mtu mzima.

Na wafu, je? Taylor alisemekana amekufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1994, kumbe mtoto wa mfalme wa Morocco alikuwa amemwokoa. Mwaka 2002 alipigwa risasi, watu wakamlilia. Mwaka 2005 akarudi, na mtoto wa mfalme ni yule yule. Aliyempiga risasi ni Sheila Carter, mwanamke mbaya kuliko wote, ambaye amekufa mara nyingi zaidi. Mwaka 2022 alijikata kidole cha mguu na kukiacha porini ili watu waamini ameliwa na dubu. Mwaka 2024 Steffy alimchoma kisu, wakamchoma maiti moto, kisha ikajulikana kwamba maiti ile ilikuwa ya mwanamke mwingine aliyefanana naye. Watazamaji wakajua kwa kuhesabu vidole vya mguu.

Ukimsimulia mtu mambo haya atacheka, na ana haki. Lakini ona: hakuna mtazamaji aliyedanganywa. Mama anayeangalia anajua kuliko mwandishi kwamba Sheila atarudi. Anakaa hapo akisema, "Huyu hajafa, mtaona." Furaha yake iko katika kujua kabla ya wengine.

Kinachowavuta watu

Watu wengi husema mchezo unavutia kwa sababu ya utajiri: magauni, magari, nyumba kubwa. Sikatai. Katika mchezo wa Forrester hakuna anayepanga foleni ya maji, hakuna anayeuliza bei ya makala, hakuna anayehesabu siku tangu mgao wa unga. Macho yanapumzika kidogo. Na kuna utamu mwingine: kuona kwamba matajiri hao, pamoja na makuta yao yote, wanalia kuliko sisi.

Lakini utajiri peke yake hauwezi kumshika mtu kwa miaka 30. Filamu nyingi zina matajiri, na tunazisahau kesho yake. Mimi naona kinachoshika ni vitu viwili vya kawaida kabisa: saa na mahali.

Saa, kwa sababu mchezo unarudi. Leo umekatika pabaya, lakini kesho, saa ile ile, utaendelea. Kwa mtu mwenye kazi ya kudumu na nyumba ya kudumu hilo ni jambo dogo. Kwa mtu aliyekimbia, si dogo. Waliokimbia Rutshuru, Masisi au Nyiragongo wanajua maisha ambayo kesho haina jina. Hujui kama utalala hapa, kama shamba litavunwa, kama watoto watasoma. Katika siku za namna hiyo, kitu chochote kinachosema "tutaendelea kesho" na kikatimiza neno lake ni kitu cha kushikilia.

Mahali, kwa sababu sebule ya Forrester haihami. Tangu 1987 watu wanagombana mbele ya jiko lile lile la moto, chini ya picha kubwa ukutani. Mwigizaji wa mzee Eric, John McCook, yuko tangu siku ya kwanza. Na yule wa Brooke, Katherine Kelly Lang, yuko tangu siku ya kwanza. Sisi tumehama na volkeno mwaka 2021, tumehama na vita, na mwezi wa pili wa 2025 kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa na watu wakafunga mizigo tena. Mtu anaweza kuwa amebadilisha makao mara nne, na kila alipopata kioo au telefone yenye moto, watu wale wale walikuwa wamekaa pale pale. Hao ni majirani wasiopotea.

Tena kuna umbeya, na umbeya si kitu cha kudharau. Wanawake kumi wanaotoka vijiji kumi, wasiojuana, wasioaminiana bado, wanaongea nini wakikutana kwenye bomba la maji? Kumsema jirani ni hatari. Kusema habari za vita ni hatari zaidi. Lakini Brooke unaweza kumsema mpaka jioni, na hakuna atakayeumia. Mmoja atamtetea, mwingine atamhukumu, na katika kubishana huko kila mmoja anaonyesha anavyofikiri juu ya ndoa, mkwe, wivu, msamaha. Nimesikia urafiki ukizaliwa hivyo.

Mahali ambapo uongo unauma

Hata hivyo kuna uongo mmoja ambao siwezi kuupita nikicheka, nao ni huo wa wafu wanaorudi.

Katika kazi yetu tunasoma majina ya watoto waliopotea njiani wakati watu wanakimbia. Jina la mtoto, umri, nguo aliyovaa, kijiji, jina la mama. Watu wa Msalaba Mwekundu wanafanya kazi hiyo ya kutafutana kwa karatasi, picha na subira, na mara nyingine mtoto anapatikana. Siku hiyo hakuna mchezo wa televizyo unaoweza kufikia furaha ile. Lakini mara nyingine jina linasomwa, linasomwa tena, na hakuna anayejibu.

Mama wa namna hiyo anapoona Taylor anaingia mlangoni baada ya miaka mitatu ya kuliliwa, anaona kitu ambacho mimi na wewe hatukioni. Wengine wananiambia wanainuka na kwenda nje. Wengine wananiambia ndiyo sehemu wanayoipenda kuliko zote. Wote wawili nawaelewa. Ninachosema ni kwamba anayetoa hadithi kwa watu waliopoteza lazima ajue anabeba nini mkononi. Waandishi wa Los Angeles hawakutuandikia sisi. Lakini sisi ndio tunaoangalia.

Waliochukua chambo wakabadilisha ndoano

Kuna waliofikiri juu ya jambo hili mapema. Mwaka 1969 Peru ilionyesha mchezo ulioitwa Simplemente María, wa msichana wa kijijini aliyefika Lima kufanya kazi za nyumbani, akajifunza kushona, akawa mshonaji mkubwa wa mavazi. Wasichana wafanyakazi wa nyumbani walijaza madarasa ya kushona, na cherehani za Singer zikauzwa sana. Siku waliporekodi harusi ya mchezo, maelfu ya watu walifika, wengine na zawadi. Mmexico mmoja, Miguel Sabido, aliyaona hayo akajiuliza: kama mchezo unaweza kuuza sabuni na cherehani bila hata kukusudia, unaweza kufanya nini ukikusudia mema?

Kutoka hapo ilizaliwa michezo ya redio ambayo wengi wenu mnaijua. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza Twende na Wakati, pamoja na Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo. Mwaka 1997 huko Burundi Studio Ijambo ilianza Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye ndugu, juu ya familia mbili, moja ya Wahutu na moja ya Watutsi, zinazoishi nyumba kwa nyumba. Mwaka 2004 Radio La Benevolencija ilianza Musekeweya nchini Rwanda, juu ya vijiji viwili vilivyoingiwa na chuki. Shirika hilo hilo lilitutengenezea sisi wa Kongo mchezo wa Kiswahili, Kumbuka Kesho.

Michezo hiyo ilichukua chambo kile kile cha Irna Phillips: mapenzi, wivu, mkwe mbaya, na kukatika pabaya. Lakini ilibadilisha jambo moja. Ndani yake, tendo lina matokeo. Mkwaju aliugua ukimwi, akafa, na hakuna mtoto wa mfalme aliyemrudisha. Wasikilizaji waliobaki wakizungumza juu yake walizungumza juu ya waume zao na juu yao wenyewe. Hapo redio ilionyesha kwamba utamu na ukweli vinaweza kula sahani moja.

Kifo kimoja cha kweli

Ili tuwe wa haki, hata mchezo wa Forrester uliwahi kusema kweli, tena kwa namna nzuri.

Adui mkubwa wa Brooke hakuwa Sheila. Alikuwa Stephanie, mke wa kwanza wa mzee Eric na mama wa Ridge, mwanamke mkali aliyeigizwa na Susan Flannery. Kwa miaka 25 Stephanie alimkataa Brooke: hakumtaka kwa mtoto, hakumtaka kwa mume, hakumtaka nyumbani mwake. Walipigana mikono, walitukanana, walipatana kidogo, wakatukanana tena. Mwaka 2012 mwigizaji alitaka kupumzika, na waandishi wakairudisha saratani ya mapafu ya Stephanie. Hakupotea baharini, hakuangushwa na ndege. Aliugua kama watu wanavyougua. Akaaga watu wake. Na mwisho alikufa mikononi mwa Brooke, wawili peke yao, wakiwa wamemaliza maneno yao. Stephanie hajafufuka.

Sehemu hiyo haikuwezekana kuandikwa mwaka wa kwanza wala wa tano. Ilihitaji miaka yote ile 25 ya upuuzi, ndoa na talaka, ili wanawake wawili wakishikana mikono mtazamaji alie kweli. Filamu ya saa mbili haina uwezo huo. Hiyo ndiyo nguvu ya mchezo mrefu: unaweza kuonyesha kwamba uadui unachoka, na kwamba hauchoki kwa siku moja.

Kwa hiyo vijana, muwaache mama zenu waangalie, na siku moja mkae nao muwaulize nani ni nani. Mtajifunza jinsi wanavyopima watu. Na ninyi mama, mkicheka na Sheila na kidole chake, ni halali yenu. Mmefanya kazi tangu alfajiri. Ila jioni hiyo, ikiwa karibu yenu amekaa mwenzenu ambaye bado anangoja jina lisomwe kwenye redio, na Taylor anaingia mlangoni, msogelee karibu kidogo. Kama kuna mtoto unayemtafuta, peleka jina lake kwenye ofisi ya Msalaba Mwekundu iliyo karibu nawe, na kwenye redio ya eneo lako. Tutalisoma, na kesho tutalisoma tena.